Mgeni Anaumwa na Ini

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Mgeni akikasirika, nakasirika mimi kwa Kiswahili. Mwenyeji akifurahi, nafurahi mimi kwa Kimelayu. Sasa nimestaafu, na nikifungua mdomo yanatoka yangu mwenyewe. Mume wangu analalamika kwamba nimezidi kuongea. Nimemwambia avumilie, kwani haya ni malimbikizo.

Nyinyi wanangu mnaowatembeza wageni Mji Mkongwe mmeniomba nikuandikieni namna ya kuwakalimania Wamalaysia. Maneno sitakufundisheni. Maneno yamo kwenye simu zenu, nazo zinatafsiri haraka kuliko mimi na wala haziombi chai. Lakini mtu akisema "haidhuru", simu haijui kama kweli haidhuru au ndiyo kwanza imedhuru. Hapo ndipo mtu anapohitajika, na hapo ndipo nilipopatia raha yote ya kazi hii.

Kimelayu mimi sikukisomea darasani. Mume wangu alikwenda kusoma Malaysia nami nikamfuata, yeye akawa anakwenda chuoni, mimi nakwenda kwa jirani. Jirani mwenyewe aliitwa Mak Cik Ramlah. "Mak Cik" ni kama sisi tunavyomwita mwanamke mtu mzima "Bi" au "shangazi", hata kama si wa ukoo. Mlango wake ulikuwa haufungwi, na jikoni kwake kulikuwa hakukosi kitu motoni. Yeye ndiye mwalimu wangu wa kwanza, na somo la kwanza lilikuwa kichekesho.

Alikuwa anakata ini la ng'ombe. Akaliinua, akaniambia pole pole kama mtu anavyomsemesha mtoto: "Ini hati."

Sasa, kwa Kimelayu "ini" maana yake ni "hii", na "hati" ndiyo ini lenyewe. Mama wa watu alikuwa anasema "hii ni hati". Mimi sikujua. Nilichosikia ni "ini", na ini lenyewe linaning'inia mkononi mwake, nikaruka kwa furaha kwamba kumbe huyu mama anajua Kiswahili.

"Ndiyo, ini!" nikamwambia.

"Ini hati," akarudia.

"Ini, ini!"

"Bukan ini! Hati!" Akimaanisha halikuwa "hii", lilikuwa "hati". Tukabishana vile mpaka sufuria ikaungua, naye akakaa chini sakafuni akicheka, kisu mkono mmoja na ini mkono wa pili. Tangu siku ile tulikuwa marafiki.

Baadaye alinieleza kwamba hati, yaani ini, ndiyo nyumba ya kila wanachokihisi. Sisi tunaweka mambo haya moyoni, wao wameyaweka kwenye ini. Mtu aliyeudhika ini lake linauma: sakit hati. Aliyevunjika moyo kwa kutendewa jambo dogo la kumvunjia heshima, ini lake limekuwa dogo: kecil hati. Aliyefurahi kwa kuheshimiwa, ini lake limekuwa kubwa. Anayevumilia maudhi kimya kimya, basi anakula ini. Mpenzi ni tunda la ini. Na ukitaka kumwambia mtu awe mwangalifu barabarani, unamwambia "hati-hati", yaani ini-ini. Niliona ajabu, kisha nikakumbuka kwamba nyumbani nasi, neno likituchoma, tunasema limetukata maini. Kumbe tulikuwa jirani siku zote.

Tuliporudi Unguja nilipata kazi kwenye kampuni moja ya kutembeza wageni, kwa sababu Wamalaysia walikuwa wameanza kuja na hakukuwa na mtu wa kuwasemesha. Nilipewa mwavuli mwekundu wa kuinua juu ili kundi lisipotee vichochoroni, na nikapewa dereva. Dereva alikuwa Ussi, mtu wa Fumba, ambaye amenipeleka kila pahali kisiwani hapa na hajawahi hata siku moja kukubali kwamba kapotea njia.

Siku ya kwanza tulikwenda uwanja wa ndege kupokea kundi la kina mama. Ussi, kwa ukarimu wake, akawapokea kwa mikono miwili na sauti ya juu: "Karibu dada! Dada, karibu! Oo, dada!" Nikaona kina mama wote wamevuta mitandio yao mbele na kukumbatia mikoba. "Dada" kwa Kimelayu ni kifua. Mwanamume mzima anasimama mlangoni mwa uwanja wa ndege na kuvishangilia vifua vya kina mama wa watu! Nilipowaeleza, walicheka mpaka mizigo ikasahauliwa. Kisha wakataka kujua basi ndugu akiwa mwanamume kwetu anaitwaje, nikasema "kaka", wakaanza upya, maana kwao "kakak" ni dada mkubwa. Safari nzima wakawa wanamwita Ussi "kakak", naye anaitika "naam" kwa adabu zote.

Kazi ikanizoesha zana zake. Mwavuli, bila shaka. Chupa ya pilipili kwenye mkoba, kwa sababu Mmalaysia akikaa siku nzima bila pilipili anaanza kuwa na huzuni asiyoijua sababu yake. Na swali la "umekula wali?", ambalo kwao ndiyo salamu yenyewe. Mkiwapeleka mashamba ya viungo wapitisheni kwanza kwenye shokishoki na doriani. Wataona matunda ya kwao, majina yamebadilika kidogo, na watapiga kelele za "Alamak!" kama waliokutana na ndugu waliyedhani kafa. Mikarafuu wataiangalia baadaye, wakishatulia.

Kesi ngumu zilikuwa za hisia zisizo na jina kwetu. Ipo moja wanaiita geram. Ni pale unapomwona mtoto mnene, mashavu yamevimba, na unapenda mpaka meno yanasagana na vidole vinataka kufinya. Tulikuwa sokoni Darajani, mgeni wangu mmoja akaona kitoto mgongoni kwa mama yake, akakunja ngumi, akauma meno, akasema "Geraaam!" na kukiendea. Yule mama akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya muuza ndimu. Kwake yeye alikuwa anaona jicho la husuda linakuja na miguu yake. Nikajitia katikati na mwavuli. "Mama, usiogope, kakipenda tu, kakipenda mpaka kashindwa!" Kisha nikamgeukia mgeni, nikamwambia: hapa kwanza unasema mashallah, ndipo unasaga meno. Akasema mashallah kama mara kumi mfululizo. Mama akacheka, akakitoa kitoto kifinywe. Tangu hapo hilo ni somo langu la kwanza ndani ya gari: mashallah kwanza.

Lakini neno la kuchunga kuliko yote ni "tak apa". Maana yake ni "haidhuru", "si kitu". Ukimkanyaga mtu, atasema tak apa, na kweli si kitu. Lakini mkia ukiongezeka, akasema "tak apalah", huku anaangalia pembeni, hapo jua umeharibu. Mak Cik Ramlah alinifundisha hivyo alipomnunia mumewe wiki nzima. Ni sawasawa na sisi tunavyosema "haya bwana". "Haya" ni kukubali. "Haya bwana" ni mlango umefungwa na ufunguo umetupwa kisimani. Sikilizeni mkia wa neno, wanangu.

Sasa nije kwenye kesi ambayo ilinifanya nione kwamba sikuishi bure. Ilikuwa miongoni mwa kazi zangu za mwisho.

Kijana mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, Haitham, alisoma Malaysia, na huko akapendana na msichana anaitwa Nurul. Kijana akarudi, akapata kazi ya ujenzi Fumba, na msichana akakubali kuja kuolewa huku. Baba yake, Pak Cik Jalil, yaani kama kusema "mjomba" Jalil, hakukubali wala hakukataa. Alisema kwanza ataiona nyumba anayokwenda mwanawe, na atawaona watu wake kwa macho yake. Wakaja watatu, yeye, mkewe Mak Cik Faridah, na Nurul, wakafikia hoteli ya Kiwengwa, pwani ya mashariki, na mimi na Ussi tukapewa kazi ya kuwatembeza. Haitham alinifuata pembeni uwanja wa ndege, uso umempauka.

"Bi Raya, nakuomba. Huyu mzee akisema hapana, Nurul hatolivunja neno la baba yake. Tumekwisha."

Nikamwambia aondoe shaka. Nilikuwa najiamini siku ile kama jogoo.

Tukaenda Ng'ambo kwa Haitham. Mkuu wa nyumba ni babu yake, Mzee Khatib, mtu mzima sana, masikio yamepungua lakini sauti imebaki yote. Zamani aliadhini bila ya kipaza sauti na mtaa mzima ukaamka. Nurul na mama yake wakaingizwa ndani kwa wanawake, wakapokewa kwa vigelegele. Mimi nikabaki ukumbini na wanaume kwa ajili ya kukalimani.

Pak Cik Jalil alikuwa ameshafundishwa na mwanawe kwamba mkubwa huamkiwa. Akainama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa uzuri kabisa: "Shikamoo."

Mzee Khatib akafurahi, akaitikia kwa nguvu zake zote: "MARAHABAA!"

Niliona Pak Cik ameshtuka. Nikadhani ni ile sauti.

Akaingia jirani: shikamoo. "Marahaba!" Wakaingia wajukuu wamefuatana: shikamoo, shikamoo, shikamoo. "Marahaba! Marahaba! Marahaba!" Kila linapotoka, Pak Cik anasinyaa kwenye kiti. Mzee Khatib anauliza habari za safari, mimi nakalimani, mgeni anajibu neno moja. Anaulizwa kama ameipenda Unguja, anajibu neno moja. Likaja sinia la pilau, samli inang'ara, nyama imelala juu.

"Tak apa," akasema Pak Cik.

"Kasemaje?" akauliza Mzee.

"Kasema haidhuru, Mzee."

"Haidhuru nini? Pilau yangu inadhuru?"

Kisha Pak Cik akafanya jambo la kwao. Kwao chakula kilichotengwa hakiachwi hivi hivi, hata kama huli, ni mkosi. Unakigusa kwa ncha ya kidole na kugusa mdomo, basi, umeshatimiza adabu. Akagusa pilau kwa kidole kimoja, akagusa mdomo, akarudisha mkono mapajani. Mzee Khatib aliyaona yote.

"Anaionja kama ina sumu?" akaniuliza, kwa ile anayoiita yeye sauti ya chini.

Nikaeleza, lakini maelezo ya adabu ni kama maelezo ya mzaha, ukishaanza kuyatoa umeshachelewa. Tukaaga. Haitham alitusindikiza mpaka garini.

Tukaondoka. Nikamuuliza Pak Cik kwa Kimelayu kama kuna lililomuudhi. Akaangalia dirishani.

"Tak apalah," akasema.

Mkia ule! Haya bwana! Kisha akamwambia mwanawe, bila ya ukali, kwamba watarudi nyumbani wote watatu. Nurul akaanza kulia kimya kimya, na mama yake akamshika mkono. Ussi akaniangalia kwenye kioo. Mimi, mtaalamu, mwanafunzi wa Mak Cik Ramlah, sikujua lililotokea. Kila neno nililokalimani lilikuwa sahihi.

Tulipofika Mahonda, njiani kurudi Kiwengwa, Ussi akasimama kununua shokishoki. Alisema anataka kuwaliwaza, lakini namjua, alitaka za kwake. Nikashuka naye. Muuzaji alikuwa bibi mmoja, meno yamebaki ya kuhesabika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Akanipiga piga shavuni, akaniongezea kicha cha bure.

Nikasikia kioo cha gari kinashuka. Pak Cik Jalil ametoa kichwa nje.

"Yang ini pun marah, bah?" akaniuliza. "Marah pun kasi buah?"

Yaani: huyu naye kakasirika? Kakasirika na bado anatoa matunda?

Nikasimama pale barabarani na shokishoki mikononi. "Marah" kwa Kimelayu ni hasira. Na Pak Cik ni mtu wa jimbo la Sabah, na watu wa Sabah kila sentensi wanaifunga kwa "bah", kama sisi na "bwana" yetu: "marah, bah!" Mtu wa watu ameinama kwa heshima, amesema shikamoo, na mzee wa nyumba amemrukia kwa sauti ya adhana: "Nimekasirika, bwana!" Kisha akaingia jirani, naye kaambiwa vile vile, kisha wajukuu, mmoja mmoja. Wageni wangu wengine wa Malaysia hawakuwa watu wa "bah", ndiyo maana miaka yote hiyo halikunifika. Na Pak Cik hakuniuliza, kwa sababu neno usilolijua utaliuliza, lakini neno unalodhani unalijua, utauliza nini?

Nilicheka mpaka nikashika boneti. Nilipoweza kusema nikawaeleza. Mak Cik Faridah alipiga ukelele, mtandio ukamwanguka, akawa anampiga mumewe begani na huku analia kwa kicheko. Nurul anacheka na machozi ya mwanzo bado hayajakauka. Ussi aliyeelezwa mwisho akakaa kabisa chini karibu na tairi. Bibi wa shokishoki hakujua tunacheka nini, lakini alitusaidia kucheka.

Pak Cik Jalil hakucheka.

"Malu lah saya," akasema. Ameingiwa na soni. Amekataa wali wa mtu mzima, mbele ya wajukuu zake, kwa kosa ambalo mzee hakulifanya. Arudi na uso gani? Nikamwambia turudi tu sasa hivi, nitaeleza mimi. Akatikisa kichwa. Tukafika Kiwengwa, akaenda kukaa peke yake akiangalia bahari.

Hali hii Wamelayu wanaiita merajuk. Ni kununa, lakini ni kununa kwa mtu anayependa abembelezwe. Sisi tunaijua vizuri. Ni kususa, na kuna kudeka kidogo ndani yake. Dawa yake ni moja, mtu aje akubembeleze. Asipokuja mtu, unabaki umekwama humo kama paka juu ya mwembe. Nikamfuata.

"Pak Cik, umesusa?"

"Saya tak merajuk," akasema. "Saya diam saja." Sikususa. Nimenyamaza tu.

Simu yangu ikalia. Haitham. "Bi Raya, babu kasusa! Kakataa chakula. Anasema hatuoi kwa watu wanaodonoa pilau kama ndege."

Asubuhi yake mapema Ussi akanipeleka Ng'ambo. Sauti ya Haitham ilikuwa imenikaa kichwani usiku kucha. Nisingeweza kumwangalia tena yule kijana kama ningeshindwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mara hii kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeudhika.

"Mzee, nasikia umesusa."

"Mie? Sijasusa mie. Nimenyamaza tu."

Neno kwa neno! Nikauma ulimi nisicheke. Wazee wawili, mmoja pwani ya mashariki na mwengine Ng'ambo, wote wamenyamaza tu, kila mmoja anamsubiri mwenziwe aje ambembeleze, na katikati wapo watoto wawili wanaokonda.

"Hebu nambie, mwanangu," akasema Mzee Khatib. "Huyo mgeni wako ana nini hasa?"

Nikafungua mdomo kueleza. Nilitaka kueleza kisa cha marahaba, nikaona nikimwambia kwamba salamu yake imesikika kama matusi, ataudhika mara mbili. Nilitaka kueleza soni, kununa, na ini lililokuwa dogo. Yote yakanisongamana kichwani pamoja, na likatoka moja, limetafsiriwa neno kwa neno, kama anavyotafsiri mwanafunzi wa siku ya kwanza:

"Mzee, mgeni anaumwa na ini."

Mzee Khatib alisimama. Sijui fimbo ilitokea wapi.

"Ini! Subhanallah! Na mie n'kamtilia pilau ya samli! Ndo maana akadonoa! Maskini, mtu mgonjwa, kaniheshimu kaigusa tu. Kwa nini hamkusema?"

"Watu wa kwao hawasemi, Mzee," nikasema. Na hilo ni kweli tupu.

"Mgonjwa hukaguliwa! Haitham! Chinja kuku wa kienyeji, mwambie mamako afanye supu nyepesi, asitie mafuta. Na papai. Na pilau kwa hao wanaomuuguza, wao wana kosa gani?"

Ussi alikuwa mlangoni. Akatoka nje, na nikamsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta kwa muda mrefu.

Njia nzima ya Kiwengwa nilikuwa nasali na kucheka kwa zamu. Tulimkuta Pak Cik amekaa barazani hotelini, maji yamekupwa, wanawake wako mbali kwenye mashamba yao ya mwani. Aligeuka akamwona Mzee Khatib anakuja na fimbo yake, kanzu nyeupe, kofia ya vito ya kudariziwa, na nyuma yake Haitham na sinia lililofunikwa kawa, hili letu la ukindu, lenye ncha juu na rangi nyekundu na kijani.

"Tudung saji," akasema Pak Cik, kwa sauti iliyokuwa ndogo kabisa. Ndivyo wanavyoliita kawa kwao. Lina umbo lile lile, na mama yake alikuwa akiyasuka.

Mzee Khatib akamshika mkono. "Pole, baba. Nimesikia ini linakuuma. Nimekuja kukukagua."

Nikakalimani, wanangu, na sikuongeza hata chumvi. "Datuk dengar Pak Cik sakit hati," nikasema. "Dia datang jenguk." Babu amesikia ini lako linauma. Amekuja kukutazama.

Hebu lisikieni kwa masikio yake. Kwa Pak Cik Jalil maana yake ilikuwa kwamba huyu mtu mzima, babu wa ukoo, amesikia kwamba mgeni wake ameudhika, na amevuka kisiwa kizima, na fimbo, kuja kumbembeleza. Machozi yakamjaa. Akauchukua mkono wa Mzee, akaubusu na kuuweka usoni, na hakuuachia. Mzee Khatib akampapasa mgongoni, "Utapoa, utapoa, Mungu atakuafu." Nami mwenyewe, mtu wa kazi, nikalia waziwazi pale hotelini mbele ya wazungu waliovaa nguo za kuogelea.

Tukatenga. Supu ilisogezwa kwa mgonjwa. Mgonjwa akaisogeza pembeni kwa heshima, akafunua kawa, akajitilia pilau. Akamaliza, akajitilia tena. Mzee Khatib anamwangalia tu.

"Muulize ini linakwendaje," akaniambia.

Nikamuuliza. Pak Cik akaweka mkono kifuani akasema kwamba ni besar hati. Ini lake limekuwa kubwa. Hapo nilisita. Ningesema hilo, Mzee angeita gari ya wagonjwa.

"Kasema amefurahi sana, Mzee."

Kisha Mzee Khatib akamwomba binti kwa ajili ya mjukuu wake, kwa maneno ya posa yaliyonyooka, na mimi nikayavusha polepole lisianguke hata moja. Nurul alikuwa nyuma ya nguzo, amemshika mama yake. Haitham alikuwa ameshika papai na hajui aliweke wapi. Pak Cik Jalil akamtazama Haitham na papai lake. Kisha akatabasamu uso mzima.

"Boleh bah, kalau Datuk," akasema. Inawezekana, bwana, maadamu ni wewe babu.

Vigelegele vya Mak Cik Faridah havikuwa vigelegele hasa, alikuwa amejifunza jana yake tu. Lakini wapishi walitoka jikoni.

Wameoana, na wanakaa Fumba. Pak Cik kila akipiga simu kutoka kwao anamsimulia kila mtu kuhusu babu wa Unguja anayejali maudhi ya watu. Na Mzee Khatib kila Nurul akimtembelea humuuliza kwanza, "Ini la babako lishakuwa zima?" Nurul hujibu kwamba ni zima, na wote wawili huridhika. Mimi sikuona sababu ya kuingilia.

Nilipostaafu nilikwenda kumuaga Mzee Khatib. Tulikunywa kahawa, tukazungumza haya na yale, nikanyanyuka. Akaniita nikiwa mlangoni.

"Raya, mwanangu. Mgonjwa wa ini gani anamaliza sahani mbili za pilau ya samli na kulamba vidole?"

Nikarudi ndani. "Mzee... kumbe ulijua?"

"Weye ulipokuja asubuhi ile," akasema, "hukuona n'navyokaa? Alfajiri yote nipo kitini, n'shavaa kanzu, n'shavaa na viatu. Nasubiri mtu tu anipe sababu ya kwenda."